Mwaka Niliochorwa Hina

Bi Mgeni amefariki, na habari ilinifikia kwa mkono wa nne. Salha, binti yake, hakuwa na namba yangu. Akampigia mtu, naye akampigia mtu, mpaka simu ikalia nikiwa ninaosha brashi zangu kwenye sinki, na marehemu ameshazikwa jana yake. "Hitma ni Jumapili, pale pale nyumbani," sauti ikaniambia. "Salha kasema uje." Pale pale nyumbani ni fleti ya ghorofa ya tatu nyuma ya Edgware Road, ambayo sikuikanyaga kwa miaka ishirini na sita. Nilikwenda, nikavua viatu mlangoni kama kila mtu, nikapewa juzuu yangu, nikasoma. Makochi yamebadilishwa na televisheni imekuwa kubwa kuliko dirisha, lakini harufu ni ile ile ya ubani na vitunguu. Baada ya dua niliingia jikoni kuchukua sinia la vikombe, nikawakuta kina mama wawili wamenipa mgongo. "Huyu ndiye yule mchoraji," alisema mmoja. "Yupi?" "Yule wa Mhindi wa Kenton." "Yarabi! Na mvi zote zile?" "Kwani mvi zimeanza lini kumzuia mtu?" Nilikohoa, wakageuka, mmoja akaangusha kijiko. Nina miaka hamsini, na bado kuna jikoni Landani ambamo mimi ni habari. Sikukasirika kwa kusengenywa. Nilikasirika kwa sababu wameipokea habari nusu, na nusu hiyo ndiyo isiyo na maana. Kwa hiyo nauandika mwaka ule wote, kama ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na Bi Mgeni alikuwa na umri huu nilio nao mimi leo. Alikuwa kungwi. Waunguja wa Landani walishaacha mambo mengi, lakini hakuna aliyethubutu kumwoza binti bila kumleta kwa Bi Mgeni afundwe: akae naye siku tatu, asikie ya chumbani na ya jikoni, ya kusema na ya kunyamazia, kisha siku moja kabla ya nikaha achorwe hina na piko, ile rangi nyeusi, mikononi na miguuni. Zamani alichora mwenyewe. Mwaka ule vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka, koni ya hina, kile kipakiti cha kuminyia, ikawa haimtii, ndipo akanichukua mimi. Alinipa chumba kilichoshikana na sebule, kitanda kimoja, dirisha linalotazama mabomba ya jirani, na sahani yangu mezani. Maharusi walitoka mpaka Coventry na Leicester. Nilichora viganja mpaka usingizini nikawa naona maua.

Ukuta wa chumba changu ulikuwa mbao tupu iliyopakwa rangi, na mafunzo yote ya kungwi nilikuwa nikiyasikia nikiwa nimelala chali naangalia dari. Watu wengine hujifunza ndoa kwa kuolewa, mimi nilijifunza kwa kupitia ubaoni. Nilimsikia akiwafundisha namna ya kufukiza nguo, namna ya kumpokea mume akirudi kazini amechoka na shifti ya usiku, namna ya kukasirika bila kubomoa nyumba. Wasichana walicheka, wengine walilia. Mimi nilisikiliza kila neno kwa uangalifu, nikingoja nifike mahali nitakapojisemea, naam, hiki ndicho ninachokitaka. Sikufika. Sikuwa na chuki na wanaume, wala hakuna aliyenidhuru, kama watu wanavyopenda kudhani. Nilikuwa tu kama mtu anayesomewa barua ya jirani. Hilo lilinitia hofu kuliko jambo lolote, kwa sababu ilinibidi nijiulize barua yangu mimi iko wapi.

Ilikuwako kanuni moja, na bila kuijua hutaelewa kilichotokea. Kwetu msichana asiyeolewa hachorwi. Atapaka kucha siku ya Idi, labda na duara dogo kiganjani, basi. Maua mpaka kifundoni ni ya bibi harusi na ya mwenye mume, na mwanamke yeyote anayejua mambo akiiona mikono yako ameshajua habari yako. Kwa hiyo mimi, niliyechora mikono ya mamia, yangu ilikuwa mitupu. Sikuwahi kuliona hilo kuwa ajabu mpaka aliponiuliza Shirin.

Shirin alikuwa binti wa duka la vitambaa la Kenton ambalo Bi Mgeni alikuwa akiagiza nguo za maharusi. Wazee wake walikuwa Wahindi wa Mombasa, naye aliletwa Uingereza akiwa na miaka minane, na Kiswahili chake kilibaki pale pale alipokiacha, cha mtoto mtundu wa Mombasa, kilichotiwa Kiingereza kama chumvi. Alikuwa anasoma chuo cha sanaa. Siku ya kwanza alileta majora mawili ya atlasi, akatakiwa aketi anywe chai, akaniona ninachora, hakuondoka. Tangu siku hiyo kila kukiwa na harusi alikuja, akapewa kazi ya kunishikia taa. "Wewe wajua hii ni drawing?" aliniambia. "Siyo urembo tu. Proper drawing." Nikamwambia mimi mchoraji hina, na hina ni hina. "Na baada ya wiki mbili inapotea. Haikuumi?" Iliniuma, lakini nilikuwa sijawahi kuulizwa.

Alininunulia daftari lenye karatasi nene, nikakaa nalo siku tano sijaligusa. Karatasi haina joto, haivuti pumzi, haisemi unanitekenya. Nilipoanza nilichora maua yale yale nikayaona yamekufa. "Chora unachokiona," Shirin alisema, "usichore unachokijua." Basi nikachora birika la Bi Mgeni. Nikachora mabomba ya dirishani, na vidole vya Bi Mgeni vikimenya kitunguu saumu, kila kidole mara tatu tatu kwa sababu vilikuwa havitulii. Hiyo picha ya vidole nilipomaliza nilikaa kitandani nikaiangalia kwa muda mrefu, kana kwamba nimeiiba. Nilikuwa na furaha, na furaha ile haikuomba ruhusa kwa mtu. Jumamosi nikawa napanda treni ya mstari wa kahawia, Edgware Road mpaka Kenton bila kubadilisha, nikichora abiria, na Bi Mgeni nikimwambia nakwenda kuchagua vitambaa. Mara ya kwanza ulikuwa uongo mdogo. Kufikia Oktoba ulikuwa mkubwa, kwa sababu nilimpenda Shirin. Nilimpenda mwanamke, na neno pekee nililolijua la watu kama mimi ni lile linalotupwa kama tusi, nami nilikuwa nikilikwepa hata kichwani mwangu.

Jumanne moja ya Novemba tulikuwa chumbani kwake, juu ya duka. Chini tulisikia mkasi wa mama yake ukipasua kitambaa. Nilikuwa nimekwenda na koni mbili za hina ya Alhamisi, ya harusi ya Zeyana, kuzijaribu kama zimewiva. Shirin aliushika mkono wangu akaugeuza. "Hawa wote unawachora. Wewe nani anakuchora?" "Sijaolewa." "So?" Kwao wasichana wanachorwa hata wakienda kwenye bethidei, ni pambo tu. Yeye hakujua. Mimi nilijua, na hapa ndipo wale wa jikoni walipoikosa habari: hakunilaghai mtu. Nilinyoosha mikono yote miwili juu ya mto, nikamwambia chora. Hakuchora maua. Mgongoni mwa mkono wa kushoto alichora Edgware Road, madirisha, mabomba ya moshi, viti vya mkahawa vilivyowekwa nje. Mkono wa kulia alichora Kenton, duka lao, ngazi, dirisha lile tulilokuwa ndani yake. Na katikati reli, kituo kwa kituo, ili nikiweka mikono sambamba, dole gumba kwa dole gumba, reli iungane. Ilimchukua saa tatu. Mama yake alipanda na chai, akatazama, akasema kwa Kiswahili chake, "Mzuri sana! Mimi pia chora," akateremka zake. Alipoondoka Shirin alinibusu, nami sikuweza kumshika kwa kuwa mikono yangu ilikuwa mibichi.

Hina ikibanduliwa huwa rangi ya chungwa, unaweza kujidanganya kwamba si kitu. Lakini hukolea siku ya pili na ya tatu, na hiyo niliyoitia limau na mafuta ya mkaratusi kwa ajili ya bibi harusi ilikolea vibaya. Jumatano asubuhi nilisugua kwa chumvi, nikasugua kwa dawa ya meno, nikasugua kwa brashi ya kufulia mpaka ngozi ikawasha, na Edgware Road ilizidi kung'aa. Nilimwambia Bi Mgeni nimetokwa na ukurutu, nikavaa glavu za sufu ndani ya nyumba. "Ukurutu? Hebu nione, nikupake mafuta." "Unaambukiza, Bi Mgeni." Aliniangalia, akarudi kwenye sufuria yake ya mbaazi. Nilikula kwa kijiko. Bila chumba kile sikuwa na pa kulala, bila kazi ile nisingekuwa mtu kwa mtu yeyote Landani, na neno moja la Bi Mgeni kwenye simu lingefika Unguja kabla chai haijapoa. Nilihesabu saa mpaka Alhamisi kama anayengojea kupasuliwa.

Alhamisi adhuhuri sebule ilijaa. Zeyana aliketi juu ya godoro, mito pande zote, mikono juu ya paja. Nje mvua, ndani udi. Shirin alikuwa ameshika taa yake ubavuni kwangu. Nilikuwa nimeona njia: mmoja wa mashangazi wa bibi harusi alikuwa mlezi wa wazee na mkobani hakosi glavu nyembamba za hospitali, nikamwomba jozi kwa sababu ya ukurutu. Zilikuwa za buluu, hazionyeshi kitu. Nikaanza. Sasa, koni ya hina huminywa kwa ncha ya vidole, na ncha za vidole ndizo zinazojua mstari uende wapi. Ndani ya mpira ule nilikuwa kama ninayesema na ulimi umekufa ganzi. Jani la kwanza likavimba, la pili likapinda, nikafuta kwa pamba, likaacha doa. "Dada Rukia," Zeyana alininong'oneza, "huu ni mkono wangu wa harusi." Machozi yalikuwa yanamlenga. Bi Mgeni alisimama nyuma yake. Hakuinua sauti. "Vua," alisema. "Ukurutu, Bi Mgeni..." "Vua hizo, umchore mtoto wa watu inavyopasa."

Nikavua. Ningeweza kusema nimeugua, nikatoka nje, na maneno yakaisha. Lakini mkono wa Zeyana ulikuwa mbele yangu umeharibika, na kazi ile ilikuwa kazi yangu, sikuweza kuiacha hivyo. Taa ya Shirin ilimulika mikono yangu yote miwili. Bi Tatu, shangazi mwenye mdomo, ndiye aliyeanza. "Makubwa! Rukia, umeolewa lini nasi tusialikwe?" Wengine wakacheka, kisha wakaangalia vizuri, kicheko kikakatika. "Na hizi nini, nyumba? Treni? Nani kakuchora wewe?" Nilisikia mvua. Bi Mgeni alinitazama mimi, akamtazama Shirin na taa yake, akanitazama mimi tena, na niliona uso wake unavyofika mahali ambapo sikutaka ufike. "Mimi nimemwamuru," alisema. "Kuna bibi harusi wa Coventry anataka mambo ya kisasa. Hiyo ni sampuli." "Sampuli?" "Sampuli, Tatu. Ulitaka nikuombe ruhusa?" Watu wakacheka tena, safari hii kwa kushukuru. Kisha akanigeukia. "Si ndivyo, Rukia?"

Alikuwa ananifungulia mlango, na nilijua anachonipa. Nilijua pia aliye ubavuni mwangu anasikia. Nikasema, "Ndivyo, Bi Mgeni."

Mwanga ukasogea. Shirin aliiweka taa mezani polepole, akaielekeza ili inifae, akachukua koti lake. "Nimesahau kitu dukani," alisema, kwa adabu kabisa. "Harusi njema, Zeyana." Nikausikia mlango. Na mimi niliinama nikaanza kuchora, na nitasema kweli, sijawahi kuchora vizuri vile, si kabla wala baada. Mikono ya Zeyana ilisifiwa mwaka mzima. Naionea aibu mikono ile mpaka leo.

Wageni walipoondoka, Bi Mgeni alikuwa anafuta meza. "Wiki mbili," alisema bila kugeuka. "Ikifutika imekwisha. Mimi sitauliza." Na hakuuliza. Alizidi kunipa minofu mizuri, aliniita mwanangu mara nyingi kuliko kawaida, na kila asubuhi nilipomimina chai macho yake yalipita juu ya mikono yangu kupima kimebaki nini. Nilipiga simu dukani, mama yake Shirin akanijibu, "Shirin iko busy," kwa sauti ya mtu ambaye hajui kwa nini anaambiwa aseme hivyo. Mkono wa kulia ulitangulia kufutika kwa sababu ya maji na kazi. Kenton ikawa madoa. Siku ya kumi Bi Mgeni aliniangalia akasema, "Alhamdulillahi, inakaribia," nikatambua kwamba anasubiri nifutike na mimi. Na angenipenda baadaye, hilo ndilo lililonitisha. Angenipenda sana, na ningekaa chumba kile cha mbao nikisikia barua za watu mpaka nizeeke.

Ijumaa alipokwenda sokoni nilichanganya hina mpya. Nikauweka mkono wa kushoto juu ya mto, nikaichora Edgware Road yote upya, dirisha kwa dirisha. Nililala nimeufunga kwa kitambaa, na Jumamosi asubuhi nikaubandua, nikaupaka mafuta, nikatoka nikaketi mezani. Bi Mgeni alikuwa anachoma chapati. Nikauweka mkono juu ya kitambaa cha plastiki, karibu na kikombe changu.

Alizima jiko. Alikaa, akauchukua mkono wangu kama anavyoshika mikono ya maharusi, akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Vidole vyake vilitetemeka juu ya vyangu. "Hii reli umeipinda," alisema. "Ndiyo." "Na huu wa kulia?" "Siwezi kuuchora mwenyewe." "Atakuchora nani?" Alinipa mlango tena. Nilikuwa na majina ishirini ya kumpa. "Shirin," nikasema. "Nani?" Alikuwa amesikia. "Shirin, Bi Mgeni. Ndiye aliyenichora tangu mwanzo. Haikuwa sampuli. Nampenda." Aliuachia mkono wangu taratibu, akauweka pale alipouokota. "Watu wakiniuliza niwaambie nini?" "Waambie nimesema mimi mwenyewe." Aliinuka akaleta birika. Kisha akamimina chai, akanisogezea. "Kunywa. Halafu ukafungashe."

Nilikunywa yote. Nilipotoka chumbani na sanduku na daftari, alikuwa mlangoni ananingoja, na alikuwa amefunga kitu kwenye karatasi ya foili. Alikiweka juu ya sanduku bila kunitazama. Hatukusema tena, yeye na mimi, mpaka ameingia kaburini, na sijajua bado kama ninamlilia au ninamdai radhi, au vyote viwili. Katika treni nilifungua foili nikakuta chapati mbili.

Kenton, Shirin alifungua mlango wa pembeni, akasimama kwenye kizingiti na uso umefungwa. Sikuwa na hotuba. Nikamwonyesha mkono wa kushoto. "Nimemwambia," nikasema. "Nani?" "Bi Mgeni." "Mmoja tu? Sebule nzima ilisikia ile 'ndivyo' yako." "Mmoja tu." Aliutazama mkono, akalitazama sanduku, akaiona foili. Aliichukua, akaifungua, akaanza kula palepale, amesimama, mvua inanipiga mimi. Alimaliza ya kwanza, akala na ya pili, ndipo akasogea pembeni nipite. Mpaka leo anasema alikuwa na njaa tu.